Mtoto wa Askari na Ilimu ya Nyumbani

Mji wetu wa Hale, kando ya Mto Pangani katika wilaya ya Korogwe, haukupata kuwa mji wa watu wa asili moja, kwani mashamba ya mkonge yaliwakusanya hapa Wazigua na Wabondei pamoja na Wamakonde, Wabena, Wanyamwezi, Warundi na wengineo waliokuja kwa mikataba ya umanamba, wengi wakiandikishwa na ile ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Basi swali la mzazi aliye baidi na kwao, amlee vipi mtoto asije akawa mgeni mbele ya babu yake mwenyewe, si jipya kwetu. Wazee wetu walikabiliana nalo makambini, usiku, mikono ingali na michubuko ya miiba ya mkonge. Leo natamani kulielekeza swali hilo kwa watu ambao linawaelemea zaidi kuliko lilivyowaelemea wazee wetu, nao ni jamaa za askari wanaoishi katika nchi za kigeni.

Askari hana hiari ya maskani. Vijana wa Handeni na Korogwe hupitia Jeshi la Kujenga Taifa, baadhi yao pale Mgambo, na miongoni mwao wamo waingiao Jeshi la Wananchi, ambalo tangu lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964 limekwisha kupeleka watu wake Msumbiji, Uganda, Komoro, Darfur, Lebanoni na Kongo. Wanaokwenda kulinda amani huwaacha wake na watoto nyumbani. Lakini waambata jeshi walio katika balozi zetu aghalabu huhama na jamaa zao. Tena wapo watu wa Afrika Mashariki waliojiunga na majeshi ya mataifa mengine: kati ya mwaka 2009 na 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango, ukiitwa MAVNI, wa kuwaandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajiwa, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Askari wa namna hii hupelekwa Ujerumani, Japani au Korea, akakaa miaka miwili au mitatu, kisha akaamriwa kufunga mizigo. Na mtoto wake, ambaye ndiyo kwanza amezoea sauti ya mwalimu wake, huanza tena alifu kwa mwalimu mwingine.

Kwa sababu hiyo jamaa nyingi za askari wa Marekani zimechagua kuwafundisha watoto nyumbani, ingawa jeshi lao lina shule zake katika kambi za ng'ambo. Hata Ujerumani, ambako sheria humlazimisha kila mtoto kuhudhuria shule na kumnyima mzazi ruhusa ya kumfundisha nyumbani badala yake, jamaa za askari hao hazifungwi na sharti hilo, kwa kuwa wanakaa nchini kwa mikataba ya majeshi. Asubuhi baba huenda gwarideni, mama husafisha meza iliyotoka kuliwa chakula, vitabu hutandazwa, na darasa likaanza. Siku uhamisho unapokuja, darasa hilo hukunjwa likatiwa sandukuni pamoja na masufuria, na likakunjuliwa katika nyumba nyingine bila ya kupoteza ukurasa.

Sisemi kwamba mzazi wa Tanzania amtoe mtoto wake shuleni. Sheria yetu ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimisha kumwandikisha na kumhudhurisha, nami naiona kuwa sheria ya haki, kwa maana bila ya hiyo wangapi katika binti zetu wangaliachwa jikoni! Dai langu ni jingine: ilimu ya mtoto ni dhamana ya mzazi kabla ya kuwa kazi ya serikali yo yote, na dhamana hii huzidi kuwa nzito kadiri mtu anavyosogea mbali na kwao. Shule ya ugenini, hata ikiwa njema namna gani, itamfundisha mtoto hesabu na elimu ya viumbe. Haitamfundisha kumwamkia shangazi yake, wala kusoma barua ya bibi yake, wala kujua kwa nini nyumba yao ilijengwa kando ya mto huu na si mwingine. Yaliyoachwa na shule, nani atayatia kifuani mwa mtoto ila mzazi?

Wala jambo hili halikuletwa na watu wa mbali. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mtu wa vita aliyepigana kwa miaka mingi na majeshi ya Sultani wa Unguja. Mumewe alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, naye mwenyewe akiwa mgonjwa, mjane huyu alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mafunzo ya dini, adabu na maisha ya nyumbani, ambao hata leo hujulikana kwa jina la mama huyo. Nyumba ya mpiganaji iliyoondokewa na bwana wake haikungoja mwalimu atoke nje. Mama alishika kalamu.

Shaaban Robert naye, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, hakuwa askari, ila alikuwa mtumishi wa serikali, na maisha ya kuhamishwa aliyajua, kwani alipata kufanya kazi Pangani kwenye mlango wa mto huu wetu, akapelekwa Mpwapwa, akarudi Tanga. Aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Alikuwa na kazi ya ofisi kama kazi zetu na uchovu kama wetu, walakini alipata wasaa.

Nitataja na jamaa waliokuwa wageni kwetu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili maelfu ya Wapoland, wengi wao wanawake na watoto waliokwisha kuhamishwa kwa nguvu hadi Siberia, walipitia Uajemi wakaletwa Afrika Mashariki, na kiasi cha 5,000 wakakaa Tengeru karibu na Arusha. Waume na kaka za wengi wao walikuwa katika jeshi la Jenerali Anders, lile lililopigana Monte Cassino, Italia, mwaka 1944. Jamaa hizi za askari, zikiishi katika vibanda vya udongo chini ya Mlima Meru, zilifungua shule zao, za watoto wadogo na za wakubwa, zikafundisha kwa lugha yao ingawa vitabu vilikuwa haba. Hawakujua kama watarudi kwao, na wengi hawakurudi. Ila watoto wao waliondoka Tengeru wakijua kusoma na wakijua wao ni nani.

Hapa wapo watakaonipinga wakisema kwamba mama si mwalimu, na kwamba mtoto akitiwa lugha mbili atachanganyikiwa. La kwanza nimekwisha kulijibu kwa mifano. La pili nalikataa kwa ushahidi wa Hale yenyewe, ambako mtoto wa manamba alisema Kimakonde kwa mama yake, Kiswahili kwa jirani, na Kizigua kwa wenziwe waliocheza naye mtoni, wala akili yake haikuharibika. Lipo pingamizi la tatu, nalo nalistahi: mtoto anayefundishwa nyumbani pekee, ndani ya kuta za kambi, aweza kukosa marafiki na kukosa mwalimu wa sayansi anayeijua kazi yake, na mama aliye peke yake, mumewe yuko lindoni miezi mingi, aweza kuchoka hata ukali ukashika mahali pa mafunzo. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba palipo na shule njema mtoto aende, na nyumba imfundishe yaliyosalia. Palipo na uhamisho wa katikati ya mwaka, au shule ya lugha asiyoifahamu, na sheria ya nchi ikaruhusu, mzazi asiogope kuwa mwalimu kamili.

Na mafunzo hayo hayataki mali. Saa moja kila siku yatosha, maadamu haivunjwi. Mtoto na asome Kiswahili kwa sauti, aandike barua kwa mkono wake kila juma kuwapelekea jamaa, na achore Mto Pangani tangu maji ya Kilimanjaro na Meru, upite bwawa la Nyumba ya Mungu, ufike Hale penye mitambo yetu ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1964 ikiwa imejengwa kwa uwezo wa megawati 21, hata uingie baharini. Hesabu yake ya kwanza ya historia iwe ile ya miche 62 ya mkonge iliyosalimika katika safari ya kuletwa huku, ambayo Mjerumani Dakta Hindorf aliipanda Pangani mwaka 1893, na ambayo kwayo yalitoka mashamba yaliyowaleta babu zake hapa. Baba aliye mbali kikazi na arekodi kwa simu kurasa chache akizisoma, mtoto azifuatishe kitabuni kwa kidole. Mtoto wa namna hii akirudi Korogwe akatiwa katika shule ya msingi ya serikali, ambako masomo ni kwa Kiswahili, hatakaa nyuma ya darasa akiwa bubu kati ya wenziwe.

Nanyi wazee mliobaki Hale, fungu lenu si dogo. Simu ya ng'ambo inapolia, aghalabu tunauliza hali ya hewa, tunaeleza bei ya saruji na ada ya mjukuu mwingine, kisha salio linakwisha. Kabla ya hayo yote mwiteni mtoto aje kwenye simu, mwulizeni amesoma nini juma hili, mwambieni awasomee, na mkisikia neno limekwenda upande mlisahihishe kwa upole papo hapo. Na juma lijalo mkumbusheni neno lile.