Mbwa wa nyumbani akiugua, apimwe damu kabla ya sindano

Mtoto anarudi shule saa kumi jioni, anabwaga begi barazani na kumwita mbwa wake. Siku zote Simba huja mbio hadi getini. Leo ananyanyua kichwa tu, anatikisa mkia mara moja na kulala tena. Chakula cha mchana bado kiko kwenye bakuli na nzi wamekizunguka. “Mama, Simba anaumwa,” mtoto anasema. Mama anamshika mbwa sikio, anahisi joto, na ndani ya mikunjo ya sikio hilo anakuta kupe watatu walioshiba.

Kinachofuata katika nyumba nyingi kinajulikana. Baba anapigiwa simu kazini. Baba naye anampigia kijana anayehudumia ng'ombe wa jirani, na jioni kijana anafika na bomba la sindano. Mbwa anachomwa dawa ya njano, ileile wanayochomwa ng'ombe. Kesho yake anakula kidogo, watu wanafurahi. Wiki ya pili damu inaanza kumtoka puani.

Hapo ndipo familia hukumbuka kwamba kuna daktari wa mifugo, na daktari naye husema jambo ambalo wengi hawakulitarajia kwa mbwa: “Apimwe damu kwanza.”

Wapo wazazi wanaocheka wakisikia hivyo. Mbwa naye ana maabara? Lakini mzazi huyohuyo hawezi siku hizi kumpa mwanawe dawa ya malaria bila kipimo. Amefundishwa zahanati kwamba si kila homa ni malaria. Kwa mbwa na paka ni hivyohivyo, tena kwao kuna shida zaidi, kwa sababu hawawezi kusema wanaumwa wapi.

Homa moja, sababu nyingi

Mbwa mwenye homa, asiyekula na aliyelegea anaweza kuwa na magonjwa mengi tofauti. Kupe peke yake huleta zaidi ya moja. Babesia ni vimelea vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mbwa hupauka fizi, na mara nyingine mkojo wake huwa mwekundu au wa rangi ya kahawia. Erlikia ni bakteria wanaokaa ndani ya chembe nyeupe. Ugonjwa wake huweza kuanza kwa homa ya siku chache, ukatulia kana kwamba umepona, kisha miezi kadhaa baadaye mbwa akakonda, akaishiwa damu au akatokwa na damu puani. Kwa mbwa wanaoishi karibu na maeneo yenye mbung'o, kuna pia vimelea vya nagana, ambavyo huweza kumfanya mbwa avimbe uso na macho yake yawe na ukungu.

Dawa za magonjwa haya hazifanani. Ile dawa ya njano ya ng'ombe huweza kusaidia dhidi ya babesia, lakini haitibu erlikia, ambayo hutibiwa kwa antibiotiki maalumu ya kumeza, kwa kawaida kwa takribani wiki nne. Zaidi ya hapo, kwa mbwa tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru cha dawa hiyo ya njano ni ndogo. Ikizidishwa huweza kuharibu ubongo na neva. Anayekadiria uzito wa mbwa kwa macho, au kurudia sindano baada ya siku mbili kwa sababu ya kwanza haikufanya kazi, anacheza na maisha ya mnyama.

Hata kiganja cha mama hakitoshi kujua homa. Joto la kawaida la mbwa mzima wa afya ni takribani nyuzi 38 hadi 39, juu kuliko la binadamu. Mbwa asiyeumwa huhisi moto mkononi. Kipimajoto ndicho kinachosema kweli.

Damu inachukuliwaje na inapimwa nini

Watoto wengi huogopa kuona mbwa wao akitobolewa, na ni vyema waelezwe mapema. Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa mguu wa mbele au wa shingoni. Mbwa ana takribani mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mbwa wa kilo 20 ana zaidi ya lita moja na nusu. Kinachochukuliwa kwa vipimo vya kawaida ni mililita chache tu. Hakuna anayemmaliza damu.

Mzazi atakayetazama ataona damu ikigawanywa katika vichupa vyenye vifuniko vya rangi mbalimbali. Kile cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na hutumika kuhesabu chembe. Chenye kifuniko chekundu huachwa damu igande, kisha huzungushwa kwa mashine ili maji ya damu yabaki juu, na hayo ndiyo hupimwa hali ya figo na ini. Damu ikikaa muda mrefu bila kushughulikiwa majibu huharibika. Chembe huendelea kula sukari iliyomo, hivyo sukari huonekana ndogo kuliko ilivyo. Ndiyo sababu daktari huhimiza sampuli ifike maabara siku hiyohiyo, ikiwa kwenye ubaridi lakini isigandishwe.

Kipimo cha kwanza, kilicho rahisi kuliko vingine, ni wingi wa damu. Damu kidogo huwekwa kwenye kimrija chembamba na kuzungushwa, kisha hutazamwa sehemu iliyojaa chembe nyekundu. Kwa mbwa wa afya sehemu hiyo ni takribani asilimia 37 hadi 55. Ikishuka sana, mbwa anaweza hata kuhitaji kuongezewa damu ya mbwa mwenzake.

Cha pili ni tone la damu kwenye kioo, likapakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, kama wanavyofanya kwa malaria. Hapo babesia huweza kuonekana, mara nyingi wawili wawili wenye umbo la pea ndani ya chembe nyekundu. Kwa babesia, tone la ukingo wa sikio wakati mwingine huonyesha vimelea kwa urahisi zaidi kuliko damu ya mshipa mkubwa. Erlikia ni wagumu kuwaona hivyo, na kutowaona si ushahidi kwamba hawapo.

Cha tatu ni picha kamili ya damu, yaani hesabu ya chembe nyekundu, nyeupe na zile ndogo zinazogandisha damu, zinazoitwa chembe sahani. Kwa mbwa kama Simba, anayetokwa na damu puani, mara nyingi hesabu ya chembe sahani ndiyo inayomwelekeza daktari kwenye erlikia.

Kipo pia kipimo cha haraka cha tone moja, kinachofanana na kile cha malaria au cha ujauzito. Hiki hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na ugonjwa. Mzazi aelewe mambo mawili hapa. Mbwa aliyepona anaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa miezi mingi. Na mbwa aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kuonyesha mmoja, kwa kuwa mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha. Kwa hiyo daktari husoma kipimo hicho pamoja na hesabu ya chembe na hali ya mnyama mwenyewe.

Kwa mbwa na paka wazee, vipimo vya figo na ini vina uzito mkubwa. Kreatinini, kipimo cha figo kinachojulikana zaidi, kwa kawaida hupanda wakati sehemu kubwa ya uwezo wa figo, takribani robo tatu, imeshapotea. Ndiyo maana daktari huomba na mkojo, ambao huweza kuonyesha tatizo mapema zaidi. Paka naye akiogopa njiani, sukari yake hupanda kwa woga tu, hivyo jibu moja la sukari kubwa halitoshi kusema ana kisukari.

Mzazi aende na nini

Jambo la kwanza ni ukweli. Kama mbwa ameshachomwa sindano au kupewa vidonge, daktari aambiwe, hata kama ni aibu. Antibiotiki iliyotolewa kabla huweza kuficha vimelea, na daktari asiyejua atasema damu ni safi. Kichupa au pakiti ya dawa iliyotumika ibebwe.

Wanaompa paka panadol waache leo. Kidonge kimoja cha parasetamoli huweza kumuua paka, kwa sababu mwili wake hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama wa binadamu. Diklofenaki na aibuprofeni nazo huweza kuharibu tumbo na figo za mbwa.

Kuhusu kula, baadhi ya vipimo humtaka mnyama mzima akae bila chakula usiku kucha, kwa sababu mafuta ya mlo huchafua maji ya damu. Maji ya kunywa hayazuiwi. Mtoto wa mbwa au mnyama aliyedhoofika asilazwe njaa bila kumwuliza daktari. Na mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu asisubiri chochote. Huyo huweza kuwa na parvo, na kipimo chake cha haraka hutumia kinyesi.

Kuhusu fedha, hakuna haja ya kuona haya. Mzazi mwenye bajeti ndogo amwambie daktari kiasi alicho nacho, kisha aulize swali moja: “Kipimo hiki kikitoka hivi au vile, matibabu yatabadilika?” Kama hayatabadilika, kinaweza kusubiri. Wingi wa damu na tone kwenye kioo ndivyo vya kuanzia pale fedha inapokuwa kidogo. Asiye na kliniki ya wanyama wa nyumbani karibu aanzie kwa ofisa mifugo wa kata, aulize sampuli inaweza kupelekwa wapi. Tanzania ina Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro kina hospitali ya wanyama. Kenya, madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Nairobi wako Kabete.

Pale ambapo kipimo hakisubiriwi

Kuna ugonjwa mmoja ambao mzazi asitegemee kabisa damu ya mbwa: kichaa cha mbwa. Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha kwamba mbwa aliye hai ana kichaa. Maabara huthibitisha kwa kupima ubongo baada ya mnyama kufa. Na dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Kwa hiyo mtoto akiumwa na mbwa, au mate ya mbwa yakaingia kwenye kidonda chake, familia isikae kusubiri majibu ya maabara yoyote. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo. Mbwa asiuawe haraka wala asiachwe azurure. Afungwe mahali salama na atazamwe siku 10 na mtaalamu wa mifugo, wakati matibabu ya mtoto yameshaanza. Watoto pia wafundishwe kusema wakiumwa, hata kama walimchokoza mbwa wao wenyewe. Mtoto anayeogopa kuchapwa huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo la hatari.

Nyumbani baada ya majibu

Mbwa akikutwa na erlikia au babesia, mtoto huuliza kama naye ataugua kwa kumkumbatia. Magonjwa haya hupitia kwa kupe, si kwa kukumbatiana. Lakini kupe wa mbwa hukaa nyumbani, kwenye nyufa za ukuta wa banda na chini ya mikeka, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai. Kumtibu mbwa bila kusafisha banda na kutumia dawa ya kupe kila wakati unaopangwa ni kumrudisha palepale. Kupe asitumbuliwe kwa vidole. Ang'olewe kwa kibano, karibu na ngozi, kisha mikono ioshwe.

Kosa la mwisho hutokea siku ya tano au ya sita. Mbwa anakula, anakimbia, anabweka usiku. Familia inaona amepona, vidonge vinawekwa kabatini. Wiki nne ni wiki nne, na damu hurudiwa kupimwa ili ijulikane kama chembe sahani zimerudi.

Kazi hii mtoto anaiweza. Achore kalenda ukutani, aweke alama kila kidonge kinapomezwa kikiwa ndani ya tonge la nyama, na mama au baba ahakikishe. Na kama majibu yakija mabaya, figo zimekufa na daktari hana tiba, mtoto asidanganywe kwamba Simba amepelekwa shamba. Aambiwe kilichoonekana kwenye damu, aambiwe kwamba mbwa hataachwa ateseke, na apewe nafasi ya kumuaga. Ataulia, na ana haki ya kulia.