Hofu ya kununua nyumba ya kwanza ya kupangisha: ipi isikilizwe, ipi iachwe



Ndugu msomaji, juma hili niwie radhi nikianza na habari ya nyumbani kwangu. Nimeisimulia kwa sababu najua ipo katika nyumba nyingi za Waislamu wa Tarime na Serengeti, ila haisemwi.

Miaka michache iliyopita mama watoto alipata fungu lake la mirathi ya marehemu baba yake, baada ya warithi kukubaliana kuuza shamba na kugawana thamani yake kwa mujibu wa sharia. Tuliiweka fedha hiyo katika akaunti isiyo na riba. Makusudio yake yalikuwa wazi: inunuliwe nyumba ndogo ya kupangisha, kodi isaidie ada za watoto, na asili ya mali ibaki. Alinikumbusha hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Ibn Maajah, yenye kumtahadharisha mwenye kuuza nyumba au ardhi kisha asiirudishe thamani yake katika mali ya mfano huo, kuwa hatapata baraka ndani yake.

Sisi tunaishi Tarime mjini. Nyumba iliyopatikana ilikuwa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mji wenye walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na vijana wanaofanya kazi katika hoteli na kambi za watalii. Nilikwenda kuiona, nikaipenda, kisha nikasema, "Tungoje kidogo."

Kidogo hicho kilikuwa miaka mitatu. Nyumba ilichukuliwa na mtu mwingine. Bei ya saruji na mabati ilipanda, na fedha yetu ikabaki pale pale. Kila mwaka ulipotimia tulitoa zaka yake, na kwa kila milioni 10 zilizolala ni shilingi 250,000. Zaka si hasara. Ni ibada na haki ya masikini. Lakini imepokewa kutoka kwa Umar bin Khattab (r.a.) kuwa alihimiza mali ya yatima ifanyiwe biashara ili isije ikamalizwa na zaka. Ikiwa mali ya yatima haistahili kulazwa, mali ya mke wangu niliilaza kwa hoja gani?

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha tulikaa, tukachukua daftari la mtoto, tukaandika kila nililokuwa naliogopa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Hofu ya mnunuzi wa kwanza ina namna mbili. Ipo hofu yenye swali ndani yake, na swali hilo lina mtu wa kulijibu. Na ipo hofu isiyo na swali, ambayo hata ukiijibu leo, kesho itarudi na sura nyingine. Ya kwanza ni rehema, isikilizwe. Ya pili iachwe. Kosa letu wengi ni kuzichanganya, tukaita zote mbili "tahadhari."

Tuanze na zile zenye majibu.

Swali la kwanza: je, anayeuza ndiye mwenye mali? Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na sisi tunamiliki haki ya kuitumia. Kama kiwanja kimepimwa, mwombe muuzaji nakala ya hati, kisha omba upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Utaelezwa jina lililosajiliwa, na kama kuna rehani au zuio. Taka pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Kama ni ardhi ya kijiji, msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji, na haki yake huthibitishwa kwa hatimiliki ya kimila. Muhuri wa mwenyekiti juu ya karatasi ya mauziano ni ushahidi kuwa mliuziana mbele yake. Haukufanyi kuwa mmiliki.

Karatasi pekee haitoshi. Nenda ukatembee mpaka wa kiwanja pamoja na majirani wote, jiwe kwa jiwe au mkonge kwa mkonge, na muuzaji awepo. Ulizia katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama kuna shauri juu ya eneo hilo. Katika wilaya zetu hizi, ambako ardhi nyingi ni urithi wa ukoo, kijana mmoja anaweza kuuza lililo la ndugu watano. Tena usisahau mke wa muuzaji. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ya ridhaa ya mwenzake. Asiyesaini leo, kesho anaweza kuwa mdai wako.

Swali la pili: je, mahali penyewe ni salama? Hapa kila eneo lina mtego wake. Nyamongo, karibu na mgodi wa North Mara, watu wote wanalijua neno "tegesha": nyumba iliyoinuliwa haraka, si ya kukaliwa, bali ya kungojea fidia. Anayekuuzia nyumba ya namna hiyo anakuuzia matumaini yake. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti vimekuwa na mabishano ya mipaka kwa miaka mingi. Usitoe fedha kabla ya kuona ramani ya kijiji. Sirari, penye wapangaji wengi kwa sababu ya forodha na biashara ya mpakani, kuna familia zenye ndugu Isebania, upande wa Kenya. Ifahamike kuwa asiye raia hapewi ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa kisheria. Basi kumnunulia nduguyo kwa kuazima jina lako ni kujenga juu ya mchanga.

Kisha kuna barabara. Kila panaposikika habari ya lami, iwe ya Tarime kwenda Mugumu au ya Makutano kupitia Natta, madalali huongeza bei. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ni mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba ya pili tuliyoiona sisi ilikuwa nzuri, bei yake nafuu, na mbele yake gari hupita mchana kutwa. Nilichukua futi kamba, nikapima. Kona ya sebule ilikuwa ndani ya hifadhi. Tukaiacha siku ile ile, bila ya majuto. Hiyo ndiyo hofu yenye swali: ilikuwa na jibu, na jibu likatuokoa.

Swali la tatu: je, italipa? Hili nalo lisijibiwe kwa moyo bali kwa kalamu. Tuchukulie mfano. Nyumba ya vyumba vinne, gharama yote pamoja na uhamisho na ushuru wa stempu ni shilingi 16,800,000. Kila chumba kinapangishwa kwa 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ni 1,920,000. Toa miezi miwili ambayo vyumba vitakaa vitupu, 320,000. Toa 200,000 za matengenezo, kodi ya jengo na mengineyo. Inabaki 1,400,000. Maana yake fedha yako itarudi baada ya miaka 12, na nyumba bado ni yako. Je, miaka 12 inakutosha? Kwa mwenye mtoto anayeanza darasa la kwanza, inaweza kutosha. Kwa mwenye haja ya fedha mwakani, haitoshi, na huyo asinunue. Weka takwimu za mtaa wako mwenyewe. Waulize wapangaji wenyewe, usimuulize dalali.

Swali la nne: ikipungua, nikope? Hapa Muislamu hana budi kusimama. Zamani jibu lilikuwa gumu. Leo kuna njia. Benki ya Amana ilianza kazi mwaka 2011 ikifuata misingi ya Kiislamu peke yake, na mwaka 2021 benki ya CRDB ilianzisha huduma ya Al Barakah. Katika murabaha benki hununua mali na kukuuzia kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, ukalipa kwa awamu. Uliza, soma mkataba, mpelekee mwenye elimu auone. Na kama hukuridhika, nunua kidogo unachokiweza. Kiwanja leo, msingi mwakani, chumba kimoja mwaka unaofuata. Wengi wa wenye nyumba tunaowaona walianza hivyo.

Maswali yote manne yakawa yamejibiwa. Nyumba ya tatu ilipatikana, nayo ni Mugumu. Hati ilikuwa safi, mipaka tuliitembea, mke wa muuzaji alikubali mbele yetu, hesabu ilikaa vizuri. Nami nikasema tena, "Tungoje kidogo."

Mama watoto alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, unaogopa nyumba, au unaogopa jina langu kwenye hati?"

Sikuwa na jibu la haraka. Katika daftari lile nilikuwa nimeandika hofu nyingi, na hiyo sikuiandika. Nilikuwa nawaza watu wa ukoo watasema nini, kuwa fulani ana nyumba Mugumu lakini si yake, ni ya mkewe. Nilikuwa nimejiambia kuwa nalinda mali yake. Kumbe nililinda heshima yangu. Ndugu msomaji, sharia imempa mwanamke mali yake kamili, na mume hana fungu ndani yake ila kwa ridhaa ya mwenye mali. Na sheria ya nchi, katika kifungu cha 3 cha Sheria ya Ardhi, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kuamua. Aliyebaki na shaka ni mimi.

Hiyo ndiyo hofu isiyo na swali. Haina ofisi ya kuuliziwa wala jirani wa kuishuhudia. Kwa mwingine ni hofu ya jina la mke. Kwa mwingine ni aibu ya kuanza na nyumba ndogo mbele ya marafiki wenye kubwa. Kwa mwingine ni kumbukumbu ya baba aliyetapeliwa zamani. Dawa yake ni kuitaja kwa jina, na mara nyingi mwenye kuliona jina hilo ni yule unayeishi naye.

Usiku ule kila mmoja wetu aliswali istikhara. Watu wengi hudhani istikhara ni kungojea ndoto. Wanavyuoni wametufundisha kuwa mja huomba, kisha huliendea jambo alilolichunguza. Likiwa na heri litamfungukia, na likiwa na shari Mwenyezi Mungu ataliepusha. Haichukui nafasi ya upekuzi wa hati, na upekuzi wa hati hauchukui nafasi yake.

Kuandikiana nako tulikufuata kama tulivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayohusu maandishi na mashahidi katika miamala. Mkataba uliandikwa mbele ya wakili, mashahidi wa pande zote mbili wakasaini, fedha ikapita benki na si mkononi, na maombi ya uhamisho yakapelekwa kwa jina la mama watoto. Nami nilisaini mahali pa shahidi.

Nyumba ile si kubwa. Mpangaji mmoja ni mwalimu, mwingine ni muuguzi, na chumba kimoja kilikaa kitupu miezi mitatu ya mwanzo, nasi hatukulala njaa kwa sababu tulikuwa tumekihesabu. Muhula huu ada ya binti yetu imelipwa kwa kodi ya Mugumu. Alipoiona stakabadhi, bibi yake aliinua mikono akamwombea rehema marehemu babu yake, kwani shamba lake limegeuka shule.

Basi ewe msomaji uliye na akiba na unayesema "tungoje kidogo," chukua daftari usiku wa leo, ukae na mwenzako. Andikeni hofu zote. Zenye majibu, kesho asubuhi zipelekeni ofisini na kwa majirani. Jibu likiwa baya, acheni nyumba hiyo mtafute nyingine. Na kama zote zimejibiwa na bado moyo unasita, mwulize mwenzako ni ipi ambayo hujaiandika.

Wallahu a'alam. Tukutane juma lijalo, inshaallah.