Siri ya Nani Mbele ya Jaji?

Kwa miaka mingi wananchi wa nchi hii walifundishwa kunyamaza kila neno "siri" lilipotamkwa na mkubwa. Desturi hiyo iliingia hadi mahakamani. Sisi wa Kona Baridi yatuhusu: reli ya kisasa itokayo Mombasa hupita hapo chini Ongata Rongai na kutoboa vilima vya Ngong, na deni lake twalilipa sote.

Mwaka 2014 Okiya Omtatah na wenzake waliipinga reli hiyo katika Mahakama Kuu, wakiwa na nakala za nyaraka za serikali. Jaji aliziondoa katika kumbukumbu za kesi, kwa kuwa zilipatikana pasipo idhini. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifanya vivyo hivyo kwa barua za ndani za Tume ya Uchaguzi. Uamuzi huo ulituuma, ila twauelewa. Mlango huo ukiachwa wazi, faili ya mgonjwa itaibwa zahanati ikasomwe hadharani na hasimu wake katika kesi ya shamba.

Zipo siri tunazozitetea bila haya. Aliyoyaeleza mteja kwa wakili wake hayatolewi ila kwa ridhaa ya mteja. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ushahidi. Katiba nayo, ibara ya 50, yaruhusu umma utolewe chumbani ili kumlinda shahidi au mnyonge.

Siri ya ofisi ni jambo jingine. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli kwanza, wakaikosa, ndipo wakaenda Mahakama Kuu, Mombasa. Serikali ilijikinga kwa masharti ya usiri yaliyomo katika mikataba. Tarehe 13 Mei 2022, Jaji John Mativo aliikataa kinga hiyo: ibara ya 35 yampa raia haki ya kupata habari, na anayeficha ndiye athibitishe sababu. Novemba mwaka huo Waziri Kipchumba Murkomen alitoa mikataba ya mkopo ya 2014. Humo twasoma kwamba mkopaji alikatazwa kufichua masharti pasipo idhini ya maandishi ya mkopeshaji. Mkopaji ni nani, kama si sisi?

Basi ndugu mnaotuletea bahasha baada ya ibada, twawasihi: andikeni barua kwanza, kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kuamua. Akikataa, iombeni Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi wake kabla ya siku 30 kupita. Nakala ya barua yenye mhuri wa mapokezi itunzeni. Wakili wenu ataihitaji siku ya kufungua kesi.