Bodi Ilihesabu Dawa, Ikamsahau Anayezinyunyiza

Juni 2025 Wizara ya Kilimo ya Kenya, chini ya Waziri Mutahi Kagwe, ilitangaza kwamba bidhaa 77 za kuua wadudu zimeondolewa sokoni, nyingine 202 zimewekewa mipaka ya matumizi, na 151 zinaendelea kuchunguzwa. Makofi yalipigwa. Wapo waliokuwa wakilisubiri tangazo hilo tangu 2019, mwaka ambao Gladys Shollei, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka bungeni ombi la kutaka dawa hatari ziondolewe. Sina kinyongo na furaha yao. Zile 77 zimekwenda, ziende salama.

Ninachogombana nacho ni ile 202. Kupiga dawa marufuku ni kazi nyepesi kiasi: leseni inafutwa, agroveti inakaguliwa, makopo yanabebwa. Kuiwekea mipaka ni jambo jingine kabisa. Mpaka huo, uwe ni wa zao, wa mahali au wa namna ya kunyunyiza, mwishowe unalindwa na mtu mmoja tu, naye ni aliyebeba pampu mgongoni. Serikali imeandika orodha ndefu ya masharti ambayo utekelezaji wake uko mikononi mwa kibarua anayelipwa kwa siku, kisha ikakaa kimya kuhusu kibarua huyo. Nani amemfundisha? Nani amempima? Ana karatasi gani mfukoni inayoonyesha kwamba anaijua kemikali aliyopewa? Tangazo lilikuwa na hesabu ya kila kitu isipokuwa watu.

Wenye kuuza dawa wana hoja zao, na haki ni kuzitaja. Wanasema viwavijeshi vamizi vilivyoingia nchini 2017 havisubiri mijadala, na kwamba mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia akinyimwa dawa atavuna mabua. Wanasema pia kwamba sekta yenyewe huendesha mafunzo ya matumizi salama, na ni kweli, huyaendesha. Upande wa pili, wanaharakati wanadai kwamba dawa isiyoruhusiwa Ulaya haina sababu ya kuruhusiwa Nakuru, na hapo pia hakuna wa kubisha. Klorpirifosi, kwa mfano, iliondolewa Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na Mei 2025 ikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm. Pande zote mbili zinazungumzia kopo. Moja inataka libaki rafuni, nyingine inataka liondoke, na yule anayelifungua hatajwi na yeyote, ila kama mtu anayepaswa “kusoma lebo”.

Tuanze na leseni. Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu hapo jicho lake limekuwa kwenye bidhaa na kwenye jengo: dawa imesajiliwa? Ghala lina hewa? Kampuni ina msimamizi mwenye elimu inayotakiwa? Maswali mazuri yote. Lakini msimamizi mwenye diploma haingii chini ya kitanda kutafuta kunguni. Anayeingia ni kijana aliyechukuliwa wiki iliyopita, akapewa ovaroli yenye nembo ya kampuni, akaonyeshwa mara moja namna ya kusukuma pampu. Leseni ya mwajiri inamfunika kama mwavuli, na mwenye nyumba anayemfungulia mlango hana njia ya kujua kama huyu anayeingia chumbani kwa watoto wake anajua tofauti kati ya pareto na oganofosfeti.

Linganisha na matatu. Utingo wa matatu, ambaye kazi yake ni kuita abiria na kupokea nauli, anatakiwa na sheria awe na kibali chake mwenyewe na beji yake. Hawezi kumwambia askari barabarani kwamba mwenye gari ana leseni. Dereva vivyo hivyo. Tumekubali kama taifa kwamba anayeshika pesa za abiria lazima ajulikane kwa jina, lakini anayemimina sumu ya neva kwenye sakafu ya jikoni tunaridhika kujua jina la kampuni yake.

Sumu ya neva si maneno ya kutisha watu. Ndivyo zinavyofanya kazi. Neva ikishatuma ujumbe kwenye msuli, kuna kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi kinachoufuta ujumbe huo ili msuli utulie. Dawa za jamii ya oganofosfeti hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe usipofutwa unaendelea: jasho, mate, machozi, mboni kusinyaa, misuli kutetemeka, na dozi ikizidi, pumzi kukatika. Mdudu hufa kwa njia hiyo, na binadamu pia. Jambo ambalo mnyunyiziaji asiyefundishwa halijui ni kwamba njia kuu ya sumu hii kumwingia si pua. Ni ngozi. Pampu inayovuja kwenye kifuniko hulowesha mgongo, majimaji yakateremka hadi kiunoni na kinenani, na ngozi ya kinena hunyonya kemikali mara nyingi zaidi kuliko ngozi ya mkono. Kwa hiyo kijana amefunga kitambaa puani, anajiona amejikinga, huku suruali yake iliyolowa ikimwingizia dawa tangu saa tatu asubuhi. Jioni anaenda nayo nyumbani, inafuliwa pamoja na nguo za mtoto.

Na mwili hausahau haraka. Kimeng'enya kilichofungwa hurudi polepole, kwa wiki kadhaa. Anayenyunyiza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anaanza kila zamu akiwa chini kuliko zamu iliyotangulia, bila dalili yoyote ya kumshtua, mpaka siku moja dozi ya kawaida kabisa inamwangusha. Watu husema ni malaria, au njaa, au jua. Ndiyo maana California, tangu miaka ya 1970, inadai damu ya wafanyakazi wanaoshika dawa hizi mara kwa mara ipimwe kabla hawajaanza, ili pawepo kipimo cha kulinganishia. Kimeng'enya cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake cha mwanzo au chini yake, mtu anaondolewa kwenye dawa mpaka kipande tena. Haijalishi anajisikiaje.

Upande wa maghala ni mbaya zaidi. Vidonge vya fosfidi ya aluminiamu, vile vinavyowekwa kwenye mahindi kuua dumuzi na fukusi, vinapokutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini; kidonge cha gramu tatu hutoa kama gramu moja ya gesi. Fosfini haina dawa ya kuiondolea sumu. Hospitali inaweza tu kumsaidia mgonjwa apumue na kungoja. Ni nzito kuliko hewa, hupenya nyufa, na barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Anayefunga ghala kwa turubai akalifungua siku za baadaye bila kipimo cha gesi anacheza kamari na maisha yake na ya wapakiaji wanaomfuata. Hata hivyo kuna watu wanaovitia vidonge hivi vyumbani kuua kunguni, kwa sababu waliona vikifanya kazi ghalani na hakuna aliyewaeleza kwamba nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani si ghala.

Sasa, mtu ataniambia sheria ipo. Ndiyo, ipo, na hapo ndipo subira yangu inapoishia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi. Inamtaka atoe vifaa vya kujikinga. Kuna kanuni za mwaka 2007 za vitu hatari kazini, na kuna kanuni za uchunguzi wa afya za mwaka 2005, ambazo gharama yake inamwangukia mwajiri. Kwenye karatasi, mnyunyiziaji wa Kenya amekingwa kutoka utosini hadi unyayoni. Lakini sheria hizo ziko chini ya Wizara ya Leba, kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Dawa ziko chini ya Wizara ya Kilimo, kwa PCPB. Afisa wa afya wa kaunti, anayedai cheti cha ufukizaji kabla ya kuruhusu hoteli kufunguliwa, yuko chini ya gavana. Ofisi tatu, na kila moja inaamini mtu yule anaangaliwa na nyingine.

Mkaguzi wa Leba amezoea viwanda, mahali penye lango na kitabu cha wageni. Mahali pa kazi pa mnyunyiziaji ni chumba cha kulala huko Kayole leo, mkahawa wa Kisumu kesho, bweni la shule keshokutwa. Hakuna lango. Na afisa wa kaunti hataki kumwona mtu, anataka kuona karatasi. Cheti kikishabandikwa ukutani hoteli imefuzu, hata kama aliyenyunyiza alichanganya dawa kwenye jagi la maji ya kunywa.

Wizara ikitangaza mipaka ya matumizi kwa bidhaa 202 huku ikijua haya, samahani, hiyo si hatua ya afya. Ni kuhamisha lawama. Siku mtu atakapougua, kopo litakuwa na sharti lililoandikwa, kwa Kiingereza na Kiswahili kama kanuni zinavyotaka, kwa herufi za kusomwa na mwenye miwani, na kosa litakuwa la marehemu kwa sababu hakulifuata. Wenye dawa wameipenda hoja hii miaka mingi. “Mtumiaji hakuzingatia maelekezo.” Mtumiaji gani? Yule mliyemfundisha kwa nusu siku hotelini, akapigwa picha akiwa na kofia mpya, akapewa soda, na hakuulizwa swali hata moja mwishoni kuona kama ameelewa?

Mafunzo yasiyo na mtihani ni karamu. Na mtihani usio na jina la mtu na tarehe ya kwisha haufungi mtu yeyote. Marekani, nchi isiyosifika kwa kuwaonea viwanda vyake, iliweka aina ya dawa zenye mipaka tangu sheria ya 1972, na neno lenyewe lilikuja limefungamana na mtu: dawa hizo ni za mwenye cheti au anayefanya kazi chini ya usimamizi wake wa moja kwa moja. Kanuni zilizokazwa mwaka 2017 zinamtaka hata huyo asiye na cheti awe na miaka 18 au zaidi na afundishwe kila mwaka, na mwenye cheti asipitishe miaka mitano bila kukihuisha. Tumechukua neno, tukauacha mtambo unaolifanya liwe na maana.

Zaidi ya hapo, Kanuni za Maadili za FAO na WHO kuhusu viuatilifu zinasema wazi kwamba dawa ambayo kuitumia kunahitaji vifaa vya kujikinga visivyostahimilika, ghali au visivyopatikana kwa urahisi iepukwe, hasa kwa watumiaji wadogo na vibarua wa nchi za joto. Soma sentensi hiyo ukiwa Garissa saa saba mchana. Kipimo cha kwanza cha kuamua dawa gani ibaki kingekuwa je, kijana wa kawaida anaweza kuvaa kinachotakiwa kwa saa nne bila kuzimia? Kama hawezi, dawa hiyo haikupaswa kuwa kwenye orodha ya mipaka. Ilipaswa kuwa ya 78.

Waajiri watalia gharama. Watasema vijana wanahama, unamfundisha leo, kesho yuko kwa mshindani. Basi cheti kiwe cha kijana, ahame nacho, na mshindani afaidike. Wewe pia utampata aliyefundishwa na mwingine. Kuhusu fedha, kila mwajiri nchini tayari hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, mamlaka ile ile inayowapima mafundi kwa vitendo na kuwapa madaraja. Chombo kipo, tozo ipo, mfumo wa mtihani upo. Kinachokosekana ni PCPB kuandika sharti moja kwenye leseni za kampuni za ufukizaji: atakayekutwa na pampu bila cheti chake mwenyewe, kampuni inasimamishwa siku hiyo hiyo. Kisha Kurugenzi ipewe orodha ya majina hayo ili ijue damu ya nani inatakiwa ipimwe, na afisa wa kaunti asipokee cheti cha ufukizaji kisichokuwa na namba ya aliyenyunyiza.

Bunge halihitajiki kwa mengi ya hayo. Yanahitaji mawaziri wawili kukaa meza moja kwa asubuhi moja. Juni 2025 zile bidhaa 151 zilikuwa bado zinachunguzwa. Na kabla ya tangazo lijalo la mbwembwe, waandishi wa habari wamuulize waziri kwanza wanyunyiziaji wangapi nchini wana cheti chao wenyewe, na orodha ya majina yao iko ofisi gani.