Mbwa Hunisikilizia, Nani Atanifasiria?

Wako watu ambao, kila wanionapo katika soko la Kinango nikifuatwa nyuma na mbwa, hucheka na kutikisa vichwa. Wanayosema siyasikii, maana mimi ni kiziwi, lakini midomo naiona na macho nayaona. Wengine hudhani mimi ni mwindaji niliyepotea njia ya msitu. Wengine hudhani akili zimeniruka. Leo nimeshika kalamu ili niwaeleze, wao na wewe ndugu msomaji, habari za mbwa huyu, na habari za jambo kubwa kuliko mbwa.

Sikuzaliwa hivi. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilishikwa na homa ya uti wa mgongo. Uhai ukabaki, masikio yakaenda. Ndiyo sababu Kiswahili nakijua na kukiandika, na hata kusema nasema, ingawa jamaa zangu huniambia kwamba sauti yangu hupanda na kushuka kama gari bovu mlimani.

Mbwa wangu si wa mbegu ya kigeni. Ni mbwa wa kwetu, rangi ya udongo, masikio wima, mkia uliopinda. Sisi Waduruma ni wafugaji, na nyumba yenye mbuzi bila mbwa ni karamu ya fisi. Tena tuna mzaha wa kuwapa mbwa majina ya mafumbo, kwani jina la mbwa ni barua kwa jirani: ukimwita mbwa, aliyekusudiwa husikia. Wangu nimempa jina la Waache Waseme. Nadhani hakuna jina limfaalo zaidi mbwa wa mtu ambaye hata wakisema, hasikii.

MASIKIO YA MIGUU MINNE

Hakufundishwa na mtu. Alipokuwa mdogo aligundua mwenyewe kwamba akibweka simgeukii, lakini akinigusa goti kwa pua yake ya baridi nageuka mara moja. Basi akaacha kunibwekea. Siku hizi mgeni akipiga hodi, Waache Waseme huja akanigusa, kisha hutazama mlangoni. Mtoto akilia wakati mama yake yuko silangani kuteka maji, hunigusa, kisha hunitangulia kitandani kwa mtoto. Barabarani, pikipiki ikija nyuma yetu, huniegemea mguu mpaka nisogee kando. Waendeshaji bodaboda wa hapa hupiga honi na kuamini kwamba honi imemaliza kazi yake. Hawajui kwamba kwangu honi yao ni kama barua isiyotiwa stempu.

Nitatoa mfano mmoja tu. Kinango haiko mbali na milima ya Shimba, wala na Mwaluganje, ambako wanakijiji walitenga ardhi yao kuwa hifadhi ya ndovu mwaka 1995. Wakati wa kiangazi ndovu hutafuta maji na mahindi, na wala hawajali mpaka wa mtu. Wanapoingia mashambani, majirani hupiga madebe na mayowe usiku kucha. Usiku mmoja mke wangu alikuwa matangani pamoja na mtoto, nami nimelala peke yangu. Nikahisi shuka linavutwa. Mbwa alikuwa amelishika kwa meno, jambo ambalo hakupata kulifanya hata siku moja. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaona tochi za majirani zikimulika huku na huku, na katikati ya mwanga, hatua kama thelathini kutoka ukuta wangu wa udongo, kivuli kikubwa kinang'oa mahindi yangu. Kijiji kizima kilikuwa kikipiga kelele. Mimi nilikuwa katika ukimya ule ule wa siku zote. Laiti si mbwa, ningalitoka alfajiri kwa mlango wa mbele nikakutana naye.

WENZETU WA NG'AMBO

Jambo hili si mchezo wa mshamba mmoja wa Kinango. Huko Marekani watu walianza kuwafundisha mbwa kuwasikilizia viziwi katikati ya miaka ya 1970. Uingereza nao wakaanzisha chama cha kazi hiyo mwaka 1982. Mbwa hufundishwa kumgusa mwenyewe kwa pua au kwa mguu, kisha kumwongoza kwenye sauti: kengele ya mlango, saa ya kuamshia, mtoto analia. Kama sauti ni ya hatari ya moto, hafundishwi kumwongoza mtu huko, bali hulala chini ili mwenyewe ajue kuna hatari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inamruhusu mbwa wa namna hii kuingia na mwenyewe dukani, hotelini na katika basi.

Ukitazama vema utaona kwamba Waache Waseme na mbwa wale wa ng'ambo kazi yao ni moja. Tofauti ni koti na cheti. Wao wakipanda basi, dereva huona koti na kuwapisha. Mimi nikisimama kituoni, makanga huona mbwa, akapunga mkono kwamba gari limejaa, hata kama viti vitano vi wazi. Kwa hiyo safari zangu nyingi ni za miguu, au za pikipiki nikiwa nimempakata.

SUALA LA NAJISI

Najua kuna msomaji wa pwani ambaye sasa anakunja uso. Dada yangu ameolewa Msambweni, katika nyumba ya Kidigo yenye dini na heshima. Mara ya kwanza nilipofika na mbwa, alinikumbatia mimi, kisha akasimama mlangoni kama askari. Simlaumu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nyumba ile husaliwa kila siku mara tano.

Lakini mimi bila mbwa usiku siwezi kulala. Basi nikatoa kitanda cha kamba uani, nikalala chini ya mwembe, mbwa chini ya kitanda. Dada yangu aliona aibu kubwa, mgeni wake kulala nje kama mlinzi.

Asubuhi baba mkwe wake, mzee wa ndevu nyeupe, akaja akaketi nami. Midomo yake sikuweza kuisoma kwa sababu ya ndevu, kwa hiyo nikampa daftari langu. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa chuoni. Akanikumbusha habari za Watu wa Pangoni, ambao Kurani inamtaja mbwa wao aliyelala kizingitini. Akanikumbusha kwamba katika Sura ya Maida mawindo ya mbwa aliyefundishwa ni halali. Akaandika kwamba hadithi za Mtume zimemtenga mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba na mbwa wa kufuga kwa anasa tu. Mwishoni akaandika: "Huyu wako ni wa kazi. Mate yake yabaki nje, lakini yeye mwenyewe asifukuzwe." Tangu siku hiyo nimetengewa kibanda uani, chenye ndoo ya maji na udongo wa kunawia. Dini haikuvunjwa, wala ndugu hakufukuzwa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu wakikaa wakazungumza, hata kwa daftari, njia hupatikana.

TATIZO LA NENO KUSIKIA

Waama, mbwa si tatizo kubwa. Tatizo kubwa limo katika fikira zetu, na fikira zetu zimo katika lugha. Kwa Kiswahili mtoto mtundu husemwa kwamba hasikii. Wahenga nao wametuachia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kusikia kumekuwa ndiko kutii, na kutosikia kumekuwa ndiko ukaidi. Ndiyo maana mwalimu, askari au karani akiniita mara tatu nisiitike, jambo la kwanza linalomjia moyoni ni hasira.

Hata shuleni tulipigwa kwa ajili hiyo. Katika shule niliyosoma tulikatazwa kutumia mikono, tukalazimishwa kusema kwa midomo. Ilikuwa mikono chini, la sivyo kiboko. Mwalimu wetu hakuyabuni hayo. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakakata shauri kwamba ishara ziondolewe shuleni, na shauri lile likaenea duniani. Mkutano wa walimu wa namna hiyo hiyo ulilikana mwaka 2010, huko Vancouver, Canada. Miaka 130! Hesabu mwenyewe ni watoto wangapi walikaa darasani kama magogo.

Lakini lugha haifi kwa kiboko. Shule za kwanza za viziwi nchini Kenya zilifunguliwa Nyangoma na Mumias mwaka 1961, na katika mabweni ya shule kama hizo watoto walijenga Lugha ya Ishara ya Kenya, gizani na uani, mbali na macho ya walimu. Leo lugha hiyo ina heshima yake, na mtoto kiziwi wa Kwale anayo shule papo hapo mjini Kwale.

Na Kiswahili chenyewe, kwa haki, kina ukarimu wake pia. Hatusemi tu kusikia sauti. Twasema kusikia njaa, kusikia baridi, kusikia harufu, kusikia uchungu. Kwa Kiswahili, basi, mimi nami nasikia.

SIKU YA MAHINDI

Uchungu niliousikia zaidi ni wa mwaka 2022. Ule ulikuwa mwaka wa ukame mkali. Silanga zilikauka, ng'ombe wakafa njiani, na chakula cha msaada kikaletwa. Katika baraza moja tuliketi chini ya mbuyu tangu asubuhi, na karani akasimama akisoma majina. Mbwa wangu alikuwa miguuni pangu. Kila karani alipopaza sauti, mbwa alinigusa goti. Nikatazama, nikaona mdomo wa mbali unafunguka na kufumba, nikaona mtu mwingine anainuka. Akanigusa tena, nikatazama tena. Alinigusa siku nzima.

Jina langu lilisomwa, kama nilivyoelezwa baadaye. Lilisomwa mara mbili, kisha likakatwa, kwa kuwa mwenyewe "hayupo". Nilikuwa nimeketi hatua ishirini kutoka kwake. Nilirudi nyumbani na gunia tupu begani, na mke wangu hakuniuliza kitu. Jirani mmoja alitugawia vibaba viwili.

Siku ile ndipo nilipofahamu mpaka wa kazi ya mbwa. Mbwa aweza kuniambia kwamba kuna sauti. Hawezi kuniambia sauti imesema nini. Hilo ni la binadamu.

SHERIA IPO

Wala tusiseme kwamba sheria hakuna. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliziagiza stesheni za televisheni kuweka mkalimani wa ishara au maandishi katika habari, na mwaka 2025 ikapitishwa sheria mpya mahali pake. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Wakenya zaidi ya 150,000 wenye taabu ya kusikia.

Kwa hiyo mbunge aweza kuhutubia Nairobi kwa mikono yake na kumbukumbu za Bunge zikamwandika. Lakini mwananchi yule yule wa lugha ile ile, chini ya mbuyu Kinango, anakatwa jina kwa sababu hakuitika. Sheria imefika Bungeni, haijafika kijijini.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, mambo mengine hayahitaji hata senti. Karani aandike majina ubaoni anapoyasoma. Muuguzi anyanyue kadi yenye namba. Pili, kila mahali panapotolewa huduma awepo mtu mmoja aliyefunzwa ishara za kutosha kuuliza jina, ugonjwa na shida. Tatu, watoto wanaosikia wafundishwe ishara pamoja na wasiosikia. Wasiodhani kwamba yawezekana na watazame Ghana, katika kijiji cha Adamorobe, ambako viziwi wamekuwa wengi kwa vizazi na vizazi, na majirani wao wanaosikia huzungumza nao kwa mikono bila kuambiwa na Serikali.

Nne ni la mbwa, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Kenya imejiwekea shabaha ya kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na shabaha hiyo yataka mbwa saba katika kila kumi wachanjwe. Anayetaka mbwa wake apewe nafasi ndani ya gari hana budi kuwa wa kwanza kwenye foleni ya chanjo. Waache Waseme amechanjwa, na kadi yake naichukua mfukoni pamoja na kitambulisho changu. Makanga akitaka, na aisome.

Nikimaliza kuandika haya mbwa amekuja kunigusa goti, kisha ametazama mlangoni. Kuna mtu amepiga hodi. Naenda kufungua. Namwomba tu mgeni huyo, na kila atakayekuja baada yake, kwamba akiona simwitikii asigeuke kurudi. Na aingie anitazame usoni, au achukue daftari lililo mezani, aandike alilolijia.