Bingwa ana jina, kocha hana: Tabora tunaweza kujifunza nini kutoka Iten?

Alfajiri ya Septemba 15, 2025, wengi wetu tukiwa bado tumelala, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha huko Tokyo. Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ na ni mtoto wa mkoa jirani wa Singida. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi waamuzi watazame picha ya kamera ndipo ijulikane nani katangulia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983.

Siku ile simu ya kipindi haikupumzika. Ujumbe mmoja ulitoka kwa msikilizaji wa Sikonge: "Singida ni hapo tu. Sisi Tabora tumekosa nini?" Nikamjibu kwa swali: "Unamjua kocha wa Simbu?" Akasema hamjui. Nikauliza hewani, na hakuna aliyepiga kulijibu. Bingwa tunamjua kwa jina, kijiji na hata kabila. Aliyemfundisha hatumjui.

Basi leo, msikilizaji, nataka tumzungumzie huyo asiyejulikana: mwalimu wa michezo wa shule au chuo, kazi anayoifanya, na kwa nini hapa kwetu kazi hiyo huishia njiani.

Mwalimu wa jiografia aliyebaki

Mfano ulio karibu nasi uko Iten, mji mdogo wa Kenya juu ya Bonde la Ufa. Mwaka 1976 alifika pale kijana wa Ireland, Colm O'Connell, bruda wa shirika la Kikatoliki la Patrician, kufundisha jiografia katika shule ya wavulana ya St Patrick's. Hakuwa mkimbiaji wala hakuwa amesomea ukocha. Alianza kwa kumsaidia mwalimu mwingine, Mwingereza Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya mwaka huohuo wa 1976. Foster alipoondoka, timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia.

Wengine wangeishika timu ile hadi mkataba uishe, kisha wakapanda ndege. Bruda Colm alibaki. Akafundisha, akawa mkuu wa shule, akastaafu kazi ya darasani, na bado akaendelea kuamka asubuhi kwenda uwanjani.

Matunda hayakuja mwaka wa kwanza wala wa pili. Mwaka 1988 huko Seoul, Peter Rono, aliyesoma St Patrick's, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu mwalimu afike. Mwaka 1992 huko Barcelona, mwanafunzi mwingine wa shule hiyo, Matthew Birir, alichukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, naye wa St Patrick's, alihamia Denmark na kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu.

Mwaka 1989 Bruda Colm alianzisha kambi ya vijana wakati wa likizo, na wasichana wakakaribishwa. Miaka mingi baadaye akampokea kijana wa Kimaasai, David Rudisha, akamlea tangu akiwa mwanafunzi. Agosti 9, 2012, kwenye Olimpiki ya London, Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mwalimu wake alikuwa ameishi Iten miaka 36.

Pale shuleni kuna desturi moja nzuri. Mwanafunzi wa zamani akishinda medali kubwa, hupandwa mti wenye kibao cha jina lake. Anayesoma pale leo anapita chini ya vivuli hivyo kila siku akienda darasani.

Wenzetu wa makasia

Kuna mchezo ambao huku kwetu tunauona kwa nadra, nao ni mbio za mashua za makasia. Usiuchanganye na mashindano ya mitumbwi ya kule Ziwa Victoria. Mashua zake ni nyembamba na ndefu, na mpiga kasia hukaa akiwa ameupa mgongo upande anaokwenda. Katika mashua ya watu wanane kuna mtu wa tisa, msukani, ambaye ndiye pekee anayeona mbele.

Katika vyuo vikuu vya Marekani kocha wa mchezo huu ni mwajiriwa kamili. Analipwa mshahara kwa kazi hiyo, na hapewi mafungu ya madaftari ya kusahihisha juu yake. Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa Harry Parker timu ya wanaume mwaka 1963, naye akaishika hadi alipofariki mwaka 2013. Fikiria, msikilizaji: miaka 50, kocha mmoja, mto uleule. Wanafunzi walikuja miaka minne wakaondoka, wakaja wengine wakaondoka. Aliyebaki ndiye aliyebeba ujuzi kutoka kundi moja hadi jingine.

Faida ya kocha wa namna hiyo imefika hadi Afrika Mashariki. Kathleen Noble wa Uganda alikuwa muogeleaji. Alipokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Princeton ndipo alipoanza kupiga makasia, tena akiwa mtu mzima. Kwa kuwa walikuwapo makocha ambao kazi yao ni kumpokea asiyejua na kumfundisha, alifika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akiwa Mganda wa kwanza kushindana katika mchezo huo.

Harvard ina fedha ambazo St Patrick's haikuwahi kuziota. Lakini sehemu zote mbili zilikuwa na mtu mzima mmoja aliyekaa.

Je, siri si mwinuko?

Najua kuna atakayesema: "Iten iko mita 2,400 juu ya bahari, Tabora kama 1,200 tu. Hewa ya kule ndiyo inayokimbia." Ni kweli kwamba mwinuko husaidia mbio ndefu. Mwili unaoishi penye hewa nyepesi hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, na hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Ndiyo maana wakimbiaji wetu wengi huhamia Arusha na Manyara kufanya mazoezi.

Lakini kuhamia ni hatua ya pili. Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, ni mzaliwa wa Dodoma, ambako hakuko juu kuliko Tabora. Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, anatoka Majita, kando ya Ziwa Victoria. Yeye na Filbert Bayi, aliyepata fedha ya kuruka viunzi na maji mwaka huohuo, ndio Watanzania pekee wenye medali za Olimpiki hadi sasa. Kabla mtoto hajapelekwa milimani, lazima awepo mtu wa kumwona akiwa bado kijijini.

Na kuhusu miguu, sisi watu wa Tabora tusidharau historia yetu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitoka hapa Unyanyembe na mizigo ya kama kilo 30 mabegani, wakatembea hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Wengine walielekea magharibi hadi Ujiji, na kutoka hapo mizigo ikaendelea kwa makasia juu ya Ziwa Tanganyika. Msafara ule ulikuwa na kirangozi, mtu wa mbele aliyejua njia, aliyejua maji yako wapi, na aliyepanga mwendo ili aliye nyuma asiachwe porini. Msafara usio na kirangozi ulipotea, hata kama wapagazi wake walikuwa na nguvu.

Kwetu yanakwamia wapi

Tanzania ina ngazi ya michezo ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mtoto huanzia shuleni, huenda kata, wilaya, mkoa, kisha taifa. Mwaka 2022 fainali za taifa zilifanyika hapahapa Tabora, na mji ulijaa watoto wa mikoa yote. Tuna pia Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kinachofundisha walimu na makocha. Hatuanzi na mikono mitupu.

Tatizo la kwanza ni kwamba ngazi hii hufanya kazi kwa msimu. Kambi hufunguliwa siku chache kabla ya mashindano, mtoto anakimbia, anapewa cheti, anarudi nyumbani. Kutoka hapo hadi mwaka unaofuata hakuna anayemfuatilia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ilisimamishwa kabisa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa, na kizazi kizima kilipita bila hata huo msimu mmoja.

Tatizo la pili ni mwalimu mwenyewe. Katika shule nyingi mwalimu wa michezo ni mwalimu wa somo jingine aliyeongezewa jukumu. Akifanya vizuri hapati nyongeza, na asipofanya hakuna anayemuuliza, kwa sababu shule hupimwa kwa matokeo ya mtihani.

Tatizo la tatu ni uhamisho, na hili nililiona mwenyewe. Nikiwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, tulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyetukimbiza kila saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa na daftari la kaunta lenye jina la kila mmoja wetu, na muda wake wa kila wiki. Kulikuwa na binti mmoja ambaye kila ukurasa muda wake ulipungua. Katikati ya muhula mwalimu akapata uhamisho. Akaondoka na daftari lake, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkabidhi. Wiki mbili baadaye hapakuwa na timu. Yule binti alimaliza kidato cha nne, na sikusikia tena kwamba alikimbia.

Simlaumu mwalimu yule, maana uhamisho ni haki ya mtumishi na pengine alikuwa na familia mbali. Ninachosema ni kwamba kazi yote ilikaa kichwani mwa mtu mmoja, na alipoondoka ikaondoka naye.

Kukaa kuna hatari zake

Tusimpambe kocha kupita kiasi. Mtu mzima anayekaa muda mrefu na watoto wa wengine anakuwa na nguvu kubwa juu yao, hasa juu ya mabinti. Oktoba 2021, hukohuko Iten, Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake akiwa na miaka 25, wiki chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Kifo kile kiliwafanya wanariadha wengi wa Kenya waseme hadharani jinsi wasichana wanaoanza kupata fedha wanavyozungukwa na wanaume wanaotaka kuwamiliki. Kenya pia imeandamwa na kesi nyingi za dawa za kuongeza nguvu, na nyuma ya mwanariadha anayekutwa nazo mara nyingine kuna mtu mzima aliyemshauri.

Kwa hiyo tunapoomba kocha wa kukaa, tuombe pia macho ya wazazi. Mabinti wawe na mwalimu wa kike au mzazi wa kike kambini. Hakuna kocha mwema atakayechukia kuonwa.

Swali la kupeleka kikaoni

Hivi sasa nchi inajiandaa kwa AFCON 2027, tutakayoandaa pamoja na Kenya na Uganda. Viwanja vinajengwa na vingine vinakarabatiwa, na fedha nyingi zinaenda kwenye saruji na nyasi. Si jambo baya. Lakini uwanja haumwoni mtoto anayekimbia vizuri kule Kaliua au Igunga. Anayemwona ni mwalimu.

Kikao kijacho cha wazazi shuleni kwenu, nyanyua mkono uulize mambo manne. Mwalimu wa michezo ni nani, na amekaa hapa miaka mingapi? Ratiba ina siku ngapi za mazoezi nje ya msimu wa mashindano? Nani yuko na mabinti wakati wa mazoezi na kambi? Na la nne, dogo kuliko yote: je, shule ina daftari la michezo linalobaki ofisini mwalimu akihama?

Daftari la kaunta ni bei ya soda chache. Majina na muda vikiandikwa humo, mwalimu mpya atakayeripoti Januari hataanza na ukurasa mtupu. Atafungua, atakuta jina la binti wa kidato cha pili ambaye muda wake unapungua kila wiki, na atamwita.