Tumbo la Kukodi au Mama?

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wahenga hao hao walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kauli hizi mbili zilikabiliana mahakamani katika jimbo la New Jersey, Marekani, katika kesi ya Mtoto M. Mwanamke aliyeahidiwa dola 10,000 ili awazalie wanandoa wengine alijifungua mwaka wa 1986, kisha akakataa kumtoa mtoto. Mwaka wa 1988, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliubatilisha mkataba. Ikampa baba malezi, na mama akarudishiwa haki zake za uzazi.

Watetezi hudai kwamba uzazi huu huwafuta machozi wasiojaliwa watoto. Wapinzani hujibu kwamba hiari ya mhitaji mbele ya tajiri ina walakini. India, iliyokuwa soko kubwa, iliuharamisha uzazi wa malipo kwa sheria ya mwaka wa 2021.

Wanafunzi wa lugha wana la kuongeza. Anayesema "tumbo la kukodi" amekwisha kumgeuza mwanamke nyumba. Mpangaji akihama, nyumba hailii. Ilhali mwanamke huyu huhatarisha uhai wake, na maziwa humtoka hata mtoto akishachukuliwa. Kumwita mama hakumpokonyi mlezi mwana, kwani Kiswahili kina mama mkubwa, mama mdogo, mama wa kambo na mama mlezi. Sheria yoyote ihusuyo uzazi huu haina budi kumtambua hivyo kabla ya kutaja malipo.